Mrushaji Aliyeingia Ligi Kuu Akiwa na Miaka 42

Tarehe 9 Julai 1948, katika uwanja wa Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, mtu mweusi mrefu na mwembamba alitoka pembeni alikokuwa akipasha mwili moto, akaelekea katikati ya uwanja. Hakukimbia. Alitembea kwa hatua za mtu anayekwenda shambani asubuhi akijua kazi iliyo mbele yake. Siku mbili kabla alikuwa ametia saini mkataba wake wa kwanza na timu ya ligi kuu ya besiboli, na siku hiyo hiyo ya kutia saini ndiyo aliyotimiza miaka 42. Jina lake lilikuwa Leroy Robert Paige, lakini tangu utoto watu walimwita Satchel. Mpaka leo hakuna aliyeanza kucheza ligi hiyo akiwa na umri mkubwa kuliko wake.

Wasomaji wengi wa Karagwe na Kyerwa hawajawahi kuiona besiboli ikichezwa, kwa hiyo nieleze kidogo. Mrushaji husimama juu ya tuta la udongo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji wa timu pinzani aliyeshika gongo la mbao. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji mwenye glavu nene. Mpira ni mgumu, umevikwa ngozi na kushonwa kwa uzi mwekundu, uzito wake gramu 145 hivi. Anayeijua rede ataelewa upesi kwamba mchezo mzima huanzia kwenye mkono wa anayerusha, ila hapa mpira haumlengi mtu: unatakiwa upite juu ya kibao kilicholazwa chini karibu na mpigaji, kati ya magoti yake na kifua. Mpigaji akiukosa mara tatu, ametoka. Mrushaji hodari huupeleka kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, nao hufika kabla nusu sekunde haijaisha. Mpigaji hana nafasi ya kuona kwanza kisha aamue. Anaamua huku mpira bado uko njiani, na kazi ya mrushaji ni kumfanya aamue vibaya.

Kazi hiyo Paige aliifanya kwa takriban miaka 40.

Alizaliwa tarehe 7 Julai 1906 mjini Mobile, jimbo la Alabama, katika nyumba yenye watoto 12. Mwaka huo Karagwe ilikuwa chini ya Wajerumani, ikisimamiwa kutoka boma la Bukoba, na kusini mwa nchi hii Vita vya Majimaji vilikuwa bado havijazimwa. Huko Alabama utumwa ulikuwa umefutwa kisheria, lakini sheria nyingine ziliwatenga weusi na weupe shuleni, kwenye treni, hospitalini, hata makaburini. Mama yake, Lula, alikuwa dobi. Baba yake alikuwa mtunza bustani. Mtoto alianza mapema kutafuta senti kwenye stesheni ya reli kwa kubeba mizigo ya abiria, na inasemekana alifunga mabegi kadhaa kwenye mti kwa kamba ili abebe mengi kwa safari moja. Ndipo wenzake wakampa jina la Satchel, yaani mkoba. Yupo rafiki yake wa utotoni aliyesimulia vingine, kwamba jina lilitokana na begi alilotaka kukimbia nalo.

Julai 1918, akiwa na miaka 12, alikamatwa kwa kuiba vipete vya kuchezea dukani. Ukijumlisha na utoro wa shule, mahakama ilimpeleka shule ya maadilisho ya watoto weusi huko Mount Meigs, na akakaa humo mpaka Desemba 1923. Ni miaka mitano na zaidi, kwa vipete. Adhabu hiyo ilikuwa ya kikatili, wala sioni sababu ya kuipamba kwa sababu tu ilizaa bingwa. Lakini ni humo alikokutana na mwalimu Edward Byrd, aliyeona kwamba mtoto huyu wa mikono mirefu hurusha kwa nguvu bila kujua anachofanya. Byrd alimfundisha kuinua mguu wa kushoto juu sana kabla ya kurusha, mpigaji aone soli ya kiatu badala ya kuona mpira. Akamfundisha pia kutazama magoti ya mpigaji, kwa kuwa magoti hutangulia kusema mtu amejiandaa kwa mpira gani. Paige alikiri baadaye kwamba ufundi wake wote ulianzia huko.

Mwaka 1926 alisajiliwa na timu ya weusi ya Chattanooga. Sehemu kubwa ya mshahara ilitumwa nyumbani kwa mama. Hapo ikaanza safari ambayo mtu akiifuata kwenye ramani anachoka: Birmingham, Baltimore, Cleveland, Pittsburgh, Bismarck kule kaskazini kwenye theluji, Kansas City, na katikati yake Cuba, Jamhuri ya Dominika, Mexico na Puerto Rico. Wakati huo Ligi za Weusi zilikuwepo tangu 1920, zilipoanzishwa na Rube Foster, kwa sababu ligi kuu ilikuwa ya weupe watupu. Weusi wa mwisho kuonekana humo walikuwa Moses Fleetwood Walker na mdogo wake, mwaka 1884. Baada ya hapo wenye timu walielewana kutomsajili mtu mweusi. Katika kanuni za ligi kuu hakikuandikwa kifungu kinachosema hivyo. Ndiyo maana ukuta huo ulikuwa mgumu kuubomoa: ukiuliza, kila mmoja anasema haupo.

Waandishi wa zamani walimlaumu Paige kwa kuvunja mikataba na kuhama timu kila alikosikia pesa. Lawama hiyo naiona haina haki. Wenye timu wenyewe walimkodisha kwa timu nyingine kwa mechi moja moja, wakachukua fungu lao. Mtu anayekodishwa akiamua kujikodisha mwenyewe, kosa lake ni lipi? Mwaka 1937 wajumbe wa Rafael Trujillo, dikteta wa Jamhuri ya Dominika, walimfuata wakiwa na dola 30,000 za kugawana yeye na wachezaji ambao angewachagua. Alikwenda, akawachukua na wenzake wa Pittsburgh Crawfords, mdakaji Josh Gibson naye akajiunga nao, wakaipa timu ya mji mkuu ubingwa huku askari wenye bunduki wakiwa wamezunguka uwanja. Waliporudi Marekani walifungiwa na ligi yao. Paige akaunda timu na wenzake, wakazunguka mijini wakicheza kwa kiingilio.

Aliwahi pia kucheza katika timu iliyochanganya weusi na weupe. Mwenye kuuza magari mmoja wa Bismarck, Neil Churchill, alimchukua mwaka 1933 na tena 1935, na mwaka huo wa pili timu yao ilitwaa mashindano ya taifa ya timu zisizo za kulipwa kikamilifu kule Wichita. Kwa hiyo anayesema nchi ilikuwa bado haijawa tayari, ajue kwamba katika mji mdogo wa kaskazini watu walilipa kiingilio, wakakaa, wakashangilia, na maisha yakaendelea.

Mengi yanayosimuliwa juu ya Paige yanahusu shabaha. Kabla ya mechi alikuwa akiweka karatasi ya jojo chini mahali pa kibao, kisha anarusha mpira baada ya mpira ukipita juu ya karatasi hiyo. Hebu ipime nyumbani: hatua 20 na ushee, karatasi ya upana wa vidole viwili. Katika mechi za maonyesho, watazamaji wakiwa wengi, aliwahi kuwaita wachezaji wenzake wa nje waketi chini, akabaki yeye na mdakaji wake, kwa maana hakuna mpira utakaopigwa ukafika huko. Alikuwa na mrusho mmoja wa kusita: mguu unakanyaga chini, mkono unachelewa kidogo, mpigaji anaharakisha kulizungusha gongo kabla mpira haujaachiwa. Mwaka 1948 mkuu wa ligi aliupiga marufuku.

Kisha mkono ukafa. Ilikuwa 1938, Mexico, baada ya miaka ya kurusha karibu kila siku, majira ya joto kwao na majira ya joto kwa wengine. Bega liliuma mpaka akashindwa kuinua mkono, na daktari akamwambia hatarusha tena. Alikuwa na miaka 32, hana kazi nyingine anayoijua. Timu zilizokuwa zikimgombania zikaacha kumpigia simu. Aliyemchukua ni J. L. Wilkinson, mzungu mwenye timu ya weusi ya Kansas City Monarchs, mtu ambaye mwaka 1930 alibeba taa na jenereta kwenye malori akachezesha besiboli usiku, miaka mitano kabla ya ligi kuu. Wilkinson alimpeleka kwenye timu ya pili inayozunguka vijijini, watu waje walione jina. Paige akawa anarusha mipira dhaifu, wapigaji wakimwonea huruma. Mtaalamu wa timu alimkanda bega kila siku. Siku moja mwaka 1939, maumivu yakaondoka. Hakuna aliyeweza kueleza vizuri ni kwa nini. Lakini katika miezi ile ya udhaifu alikuwa amelazimika kujifunza mipira ya polepole na ya kupinda, na sasa akawa na vyote viwili.

Mwaka 1942 Monarchs waliifunga Homestead Grays mechi nne katika fainali ya Ligi za Weusi. Katika mojawapo, kwa mujibu wa simulizi iliyorudiwa mara nyingi na wenyewe waliokuwepo, Paige aliwaachia wapinzani makusudi wajaze vituo vyote wanavyokimbilia wapigaji ili akutane na Josh Gibson, rafiki yake na mpigaji aliyeogopwa kuliko wote, kisha akamtoa kwa mipira mitatu. Takwimu za magazeti ya siku ile hazilingani kikamilifu na simulizi. Kwamba alimtoa Gibson, hilo halina ubishi.

Weupe walimjua vizuri. Alizunguka nchi akicheza dhidi ya Dizzy Dean, na baadaye Bob Feller, nyota wa Cleveland. Mwaka 1946 timu yake na ya Feller zilisafiri kwa ndege zilizokodiwa. Joe DiMaggio alimtaja kuwa mrushaji bora aliyewahi kukutana naye. Walishindana uwanjani Oktoba, na Aprili ikifika, wao wakarudi ligi kuu, yeye akarudi kwenye basi. Hoteli nyingi hazikumpokea. Migahawa ilimuuzia chakula kupitia mlango wa nyuma, au haikumuuzia kabisa.

Ukuta ulipobomoka, hakuwa yeye wa kwanza kupita. Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers alimchagua Jackie Robinson, kijana aliyesoma chuo kikuu na kupita jeshini, aliyekuwa ameichezea Monarchs msimu mmoja tu, akaingia uwanjani tarehe 15 Aprili 1947. Rickey alikuwa na hesabu zake na zilikuwa sahihi. Hata hivyo Paige aliumia, na hakuficha. Ni yeye aliyejaza viwanja miaka 20, ni yeye aliyewathibitishia weupe mmoja mmoja kwamba mweusi anaweza.

Ndipo akatokea Bill Veeck, mmiliki wa Cleveland, ambaye tayari alikuwa na mchezaji mweusi, Larry Doby. Mhariri wa gazeti kubwa la besiboli aliandika kwamba kumsajili mzee huyu kunaishusha hadhi ligi. Jibu lilitoka uwanjani. Tarehe 13 Agosti 1948 Paige alirusha mechi nzima kule Chicago bila wapinzani kupata hata pointi moja. Wiki moja baadaye, nyumbani Cleveland, akafanya vilevile mbele ya watu 78,382. Msimu uliisha akiwa ameshinda mechi sita na kupoteza moja, na tarehe 10 Oktoba akawa mrushaji wa kwanza mweusi kupanda kwenye tuta katika fainali ya taifa, ambayo timu yake iliitwaa.

Baada ya hapo aliichezea St. Louis Browns kuanzia 1951 hadi 1953, akachaguliwa mara mbili katika kikosi cha nyota wa ligi. Miaka 12 baadaye, tarehe 25 Septemba 1965, jamhuri yetu ya Tanzania ikiwa na mwaka mmoja na ushee, timu ya ligi kuu ya Kansas City ilimrudisha kwa usiku mmoja. Mwenye timu alimwekea kiti cha kubembea na nesi wa kumkanda mkono ili watu wacheke. Akarusha vipindi vitatu dhidi ya Boston akiwa na miaka 59. Aliyefaulu kuupiga mpira vizuri ni mmoja tu, Carl Yastrzemski, na hakuna aliyepata pointi.

Halafu kuna suala la pensheni. Ilipohesabiwa, Paige alipungukiwa siku 158 za utumishi katika ligi kuu ili astahili malipo ya uzeeni. Zile siku alizoporwa na ubaguzi, zaidi ya miaka 20, hazikuwa na mahali pa kuandikwa. Mwaka 1968 Atlanta Braves walimwajiri ili azitimize. Wastaafu wetu waliowahi kuambiwa kwamba michango ya miaka fulani haionekani watamwelewa bila maelezo. Mwaka 1971 aliingizwa katika jumba la heshima la besiboli huko Cooperstown. Mpango wa kwanza ulikuwa kuwaweka nyota wa Ligi za Weusi mahali pao peke yao, hata humo. Kelele zikapigwa, ukaachwa. Alifariki tarehe 8 Juni 1982 mjini Kansas City.

Kuhusu umri wake, Paige alifanya biashara. Alidai kwamba tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa kwenye Biblia ya nyumbani na mbuzi akaila. Mama yake alitaja mwaka mmoja, magazeti yakataja mwingine. Watu walilipa kiingilio ili wakakisie. Muda wote huo, kumbukumbu ya kuzaliwa kwake ilikuwa imetulia katika ofisi ya afya ya Mobile. Lakini mechi zake hazikuwa na ofisi ya kuzitunza. Alisema alirusha zaidi ya mechi 2,500, na hakuna anayeweza kumthibitisha wala kumkanusha, kwa kuwa nyingi zilichezwa kwenye viwanja vya vijijini ambako hakuna aliyeandika. Watafiti walikaa maktaba miaka mingi wakipekua magazeti ya weusi kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, mechi moja moja. Kwa kazi yao, Desemba 2020 Ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 zilitambuliwa kuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu za ligi hizo zikaingizwa rasmi. Josh Gibson, aliyefariki mwaka 1947 bila kukanyaga ligi ya weupe, akawa juu ya orodha ya wapigaji wa nyakati zote.

Hapa ndipo habari hii inapovuka mpaka na kufika kwetu. Ukisimama Murongo wilayani Kyerwa, Uganda iko ng'ambo ya mto Kagera, daraja moja tu mpaka Kikagati, na Waganda wanacheza besiboli. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilishinda mashindano ya kanda yaliyofanyika Kutno, Poland, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kufuzu kwa fainali za dunia za watoto zinazochezwa Williamsport, Marekani. Haikwenda. Ubalozi wa Marekani uliwanyima viza kwa sababu kumbukumbu za umri wa watoto hazikulingana. Timu ya Saudi Arabia waliyoifunga ikaenda badala yao. Watoto wa Langley, Canada, ambao wangecheza nao mechi ya kwanza, walisafiri Januari 2012 mpaka Uganda ili mechi hiyo ichezwe, na Uganda ikashinda. Mwaka huo huo timu nyingine, ya Lugazi, ilifuzu ikiwa na karatasi zilizokamilika, ikafika Williamsport. Mwaka 2015 Uganda iliifunga Jamhuri ya Dominika pointi 4 kwa 1, nchi ileile ambako Paige alirushia mpira mbele ya askari. Mwaka 2022 Ben Serunkuma na Umar Male walitia saini na Los Angeles Dodgers, klabu ileile ya Jackie Robinson iliyohama kutoka Brooklyn.

Tanzania nayo ina besiboli, iliyoletwa zaidi na Wajapani na kujikita Dar es Salaam, Shule ya Sekondari Azania ikiwa moja ya vituo vyake. Huku kwetu haijafika. Mikono ipo. Watoto wanaolinda mahindi dhidi ya nyani kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Ibanda-Kyerwa hurusha mawe tangu wakiwa wadogo, na wapo wanaompata nyani mbali kwa jiwe la kwanza. Hata Paige, kabla ya kushika mpira, alirusha mawe.

Kinachonitia wasiwasi ni karatasi. Sisi wa mpakani tunajua vizuri kuliko wengi uzito wa cheti: kijana anayekwenda kuomba kitambulisho cha NIDA huulizwa alizaliwa wapi, na nani, na ushahidi uko wapi. Wakati huohuo, kila mwaka watoto wa Karagwe na Kyerwa hushiriki UMITASHUMTA na UMISSETA, wanakimbia, wanarusha mkuki na tufe, wanashinda, kisha matokeo hubaki kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa mwalimu mmoja mpaka inafuliwa na suruali. Ningewaomba walimu wa michezo wa wilaya hizi mbili waweke kaunta buku moja kwa kila shule, wakiandika jina kamili la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, mchezo, umbali au muda, na siku ya mashindano, na nakala ipelekwe kwa afisa michezo wa wilaya. Na mzazi ambaye mtoto wake bado hana cheti cha kuzaliwa, achukue lile tangazo la kizazi alilopewa hospitali au zahanati, aende akaulize utaratibu wa RITA wilayani kwake mwezi huu, kabla mtoto hajahitaji kuvuka popote.